Mono au Stereo: Nani Aamue Ndani ya Kompyuta ya Studio?

Vipindi vinavyotayarishwa kwa kompyuta vina matatizo matatu ambayo wasikilizaji huyaeleza vizuri kuliko mafundi. La kwanza: mtangazaji anasikika sikio la kushoto tu, la kulia kimya. La pili: kwaya iliyopendeza kwenye hedifoni za studio inageuka mnong'ono ikichezwa kwenye simu. La tatu: mgeni aliyeunganishwa kwa intaneti anaongea mbiombio, sauti imekuwa nyembamba, utadhani katuni.

Lawama huenda kwa maiki, kwa mtandao, kwa simu ya bei rahisi, wakati mwingine hata kwa umeme uliokatika jana yake. Mara nyingi wote hao hawana hatia. Kosa limo kwenye idadi ya chaneli: programu moja imetoa sauti ya chaneli 1, nyingine imeipokea ikidhani ni chaneli 2, na katikati yao kuna draiva iliyofanya uamuzi ambao hakuna mtu aliyeuomba.

Draiva hiyo ni pepe, maana yake haina kifaa chochote nyuma yake. Kompyuta inaiona kama kadi ya sauti. Programu zinaiona kama spika upande mmoja na maikrofoni upande wa pili. Kazi yake yote ni kupokea sauti kutoka programu moja na kuikabidhi kwa nyingine ndani ya kompyuta ileile. Ndiyo inayompeleka mgeni wa Zoom kwenye OBS, programu ya kurekodia na kurushia vipindi, au nyimbo zilizopangwa kwa zamu kwenye programu ya kurushia mtandaoni, bila mtu kuchomeka waya. Kwenye Windows watu hutumia VB-Cable au Virtual Audio Cable, kwenye kompyuta za Apple BlackHole, na kwenye Linux JACK au PipeWire. Kwa redio za mikoani, studio ndogo na makanisa ya ukanda unaoanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, thamani ya draiva hizi, ambazo huitwa pia kebo pepe, iko wazi. Nyingi hupatikana bila kununua, na hufanya kazi ambayo bila hizo ingedai mikisa ya pili, kadi ya sauti ya pili na fundi wa kuziunganisha.

Swali gumu linaanza pale mono, yaani chaneli 1, inapokutana na stereo, yaani chaneli 2. Je, draiva ibadilishe yenyewe, ikatae, au ipitishe kama ilivyo na kuwaachia wengine? Watengenezaji hawakubaliani, na kila jibu lina wateja wake.

Walioamua mwaka 1961

Ugomvi huu si mgeni. Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI ya Uingereza, aliwasilisha hataza ya mfumo wake wa sauti ya chaneli mbili mwaka 1931, lakini santuri za stereo zilienea sokoni kuanzia 1958. Redio ilichelewa zaidi, kwa sababu ilikuwa na tatizo ambalo santuri haikuwa nalo. Mamilioni ya watu tayari walikuwa na redio za mono majumbani, na hakuna serikali ambayo ingewaambia wazitupe.

Jibu lililoidhinishwa Marekani mwaka 1961, na ambalo ndilo linalotumika kwenye FM hadi leo, lilikuwa la busara. Mtambo haurushi kushoto na kulia. Unarusha jumla ya kushoto na kulia mahali pa kawaida, kisha tofauti ya kushoto na kulia juu ya masafa ya kilohezi 38, pamoja na alama ndogo ya kilohezi 19 inayoiambia redio kwamba stereo ipo. Redio ya mono inachukua jumla na kuendelea na maisha yake. Redio ya stereo inachukua vyote viwili na kuzirudisha chaneli kwa hesabu ya kujumlisha na kutoa.

Gharama yake inajulikana. Kelele ya stereo ya FM huzidi ile ya mono kwa zaidi ya desibeli 20, ndiyo maana redio nyingi, mawimbi yanapodhoofika, hurudi zenyewe taratibu kwenye mono. Kituo kinaweza kujiita Stereo kwenye jina lake, kama Radio One ilivyofanya Dar es Salaam miaka ya 1990, lakini msikilizaji aliye mbali na mnara, nyuma ya vilima, anapata jumla peke yake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mwaka 1961 kulikuwa na mahali pamoja pa kuamulia, na uamuzi uliandikwa. Kompyuta haikupata bahati hiyo. Kila mfumo wa uendeshaji, kila draiva na kila programu ina desturi yake ya kugeuza chaneli 1 kuwa 2 au 2 kuwa 1, na desturi hizo zikipangwa mstari mmoja zinaweza kubadilisha sauti ileile mara tatu kabla haijafika kwa msikilizaji.

Kinachopita ndani ya kebo

Sauti ya kidijitali ni mfululizo wa namba. Kwa kasi ya kilohezi 48, mono ina namba 48,000 kwa sekunde. Stereo ina namba 96,000, na kwa kawaida hupangwa kwa kupishana: kushoto, kulia, kushoto, kulia. Ndani ya namba zenyewe hakuna kinachosema ipi ni ya upande gani. Maelezo hayo hutangulia pembeni, kwenye mapatano kati ya programu na draiva: kasi, biti, idadi ya chaneli.

Mapatano hayo yakivunjika, ndipo sauti ya katuni inapozaliwa. Mpokeaji anayeamini anapewa stereo huchota namba mbilimbili kutoka mono iliyohesabiwa mojamoja, kama kibarua anayebeba karai mbili kwa safari moja kutoka kwenye rundo lililopangiwa safari za karai moja. Rundo linaisha nusu ya muda. Maneno yanakwenda kasi maradufu, sauti inapanda oktavu nzima, na katikati kuna mapengo mpokeaji anapokosa cha kuchota. Kosa likiwa kinyume chake, stereo ikasomwa kama mono, mgeni anaongea polepole kwa sauti nzito.

Hapa fundi anapata kipimo cha bure. Sauti ikipanda oktavu nzima, mshukiwa wa kwanza ni idadi ya chaneli. Ikipanda au kushuka kidogo tu, kama asilimia 9, mshukiwa ni kasi: upande mmoja uko kilohezi 44.1 na mwingine 48. Makosa haya mawili huchanganywa kila mara, na watu hupoteza saa nzima wakirekebisha kile ambacho hakijaharibika.

Windows inaongeza utata wake. Pamoja na idadi ya chaneli, muundo wa sauti hubeba alama inayoeleza kila chaneli ni ya spika ipi. Stereo ni ya mbele kushoto na mbele kulia. Mono, kwa alama hizo, ni spika ya mbele katikati, wala si ya kushoto. Draiva iliyoandikwa kwa uangalifu hujua hivyo na huigawa sauti ya katikati pande zote mbili. Draiva au programu iliyoandikwa kwa haraka huchukulia kuwa chaneli ya kwanza ni kushoto basi, na msikilizaji anabaki na sikio moja.

Draiva inayosema ndiyo kwa kila kitu

Msimamo wa kwanza unasema: kebo iwe stereo wakati wote. Mono ikija, inakiliwa pande zote mbili. Programu ikitaka mono upande wa pili, inapewa mchanganyiko wa pande mbili. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kuuliza.

Faida yake si ndogo. Mtangazaji wa zamu ya usiku hatakiwi kujua chochote kuhusu chaneli, na programu nyingi za kawaida zinatarajia stereo, hivyo zinaridhika. Ukarimu huo ndio pia udhaifu wake, maana draiva inayokubali kila kitu inaficha makosa yote. Maiki iliyochomekwa kwenye tundu la kwanza la kadi yenye matundu mawili huingia kama stereo halali ambayo upande wake wa kulia ni kimya. Draiva haioni mono hapo. Inaona chaneli mbili, na inazipitisha kwa uaminifu.

Kisha mtu anafungua OBS, anabonyeza kisanduku cha mono kwenye mipangilio ya juu ya sauti, na mtangazaji anarudi masikio yote mawili. Lakini amepoa. OBS hujumlisha chaneli kisha hugawa kwa idadi yake, na upande mmoja ukiwa kimya, nusu ya sauti imekwenda: desibeli 6. Fundi anapandisha sauti ya maiki kufidia, na keshoye anapoingia mgeni ambaye sauti yake ipo pande zote mbili, mgeni anapiga kelele juu ya mwenyeji. Tatizo la sikio moja limegeuka kuwa tatizo la uwiano, na la pili ni gumu kuligundua kuliko la kwanza.

Draiva inayouliza kwanza

Msimamo wa pili ni wa uwazi: draiva itangaze kwamba inaweza mono na stereo, na kila programu iombe inayoitaka. Virtual Audio Cable ya Eugene Muzychenko, ambayo ni miongoni mwa kebo pepe kongwe za Windows, inafuata roho hii. Mtumiaji anaweza kuweka mipaka ya kasi, biti na idadi ya chaneli kwa kila kebo.

Kwa hotuba ni mpango mzuri. Mahojiano yanabaki chaneli 1 tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna kinachokiliwa wala kujumlishwa, na kosa likitokea linaonekana mapema kwa sababu programu inakataliwa waziwazi.

Ila kuna suala la nani ametangulia. Programu ya kwanza kuifungua kebo ndiyo inayoweka muundo, na zinazofuata zinalazimika kuukubali au kugeuziwa. Ukiwasha programu ya simu kabla ya ile ya muziki, kebo inaweza kuwa mono asubuhi nzima. Ukibadilisha mpangilio wa kuwasha, ni stereo. Kompyuta ileile, programu zilezile, matokeo tofauti. Katika mji ambako umeme ukikatika kila kitu huwashwa upya kwa haraka, tena na mtu tofauti, hilo si jambo la nadharia.

Vifaa vya Bluetooth vinaonyesha ubaya wa msimamo huu ukifikishwa mwisho. Hedifoni zisizo na waya hucheza muziki kwa stereo mradi maiki yake imelala. Programu yoyote ikiiamsha maiki hiyo, muunganisho wote mara nyingi hubadilika kuwa ule wa simu: chaneli 1, sampuli 8,000 au 16,000 kwa sekunde. Muziki unasikika kama umetoka kwenye pipa. Watu wengi huamini hedifoni imeharibika. Kumbe imefanya mapatano mapya katikati ya kipindi, na kila programu iliyokuwa ikitegemea chaneli 2 imeachwa njiani.

Kila chaneli na njia yake

JACK, iliyoanzishwa na Paul Davis na kuanza kutumika mwanzoni mwa miaka ya 2000, iliamua kuumaliza ugomvi kwa kutoutambua. Ndani yake hakuna stereo. Kuna njia, na kila njia hubeba chaneli moja. Anayetaka stereo anaunganisha njia mbili. Anayetaka mono masikio yote mawili anachukua njia moja na kuipeleka sehemu mbili, kwa mkono wake, akiona kwenye skrini anachofanya.

Kwa akili ya mhandisi huu ndio msimamo safi kuliko yote. Hakuna jambo linalotokea gizani. BlackHole ya kompyuta za Apple inaelekea hukohuko kwa njia nyingine: inatolewa kwa matoleo yakiwemo ya chaneli 2, 16 na 64, haibadilishi kitu, na kinachoingia chaneli ya 7 hutokea chaneli ya 7.

Bei yake ni kazi. Mtu akisahau waya wa kulia, draiva haitamkumbusha. Mafundi waliozoea mikisa ya kawaida huipenda haraka, kwa sababu inafanana na kilicho mezani mwao. Mtangazaji aliyeachiwa studio peke yake siku ya sikukuu hataipenda hata kidogo.

Mchanganyaji aliyejificha

Msimamo wa nne unaiondolea draiva mzigo na kuutwika mfumo wa uendeshaji. Injini ya sauti ya Windows, PulseAudio ya Linux, na sasa PipeWire, ambayo ilishika nafasi yake kwenye Fedora mwaka 2021 na Ubuntu mwaka 2022, zote hupokea muundo wowote na kuugeuza kufuata kifaa kilichopo. Draiva inabaki nyepesi, na hesabu ya kugeuza inaandikwa mahali pamoja na watu wanaoijua.

Huu ndio mwelekeo wa dunia, na una haki ya kuwa hivyo. Programu haihitaji kujua kama mwisho wa njia kuna spika 1 au 6. Kasoro yake ni kwamba hesabu imejificha. Mfumo mmoja ukijumlisha mono kutoka stereo unagawa kwa mbili, mwingine unazidisha kila upande kwa 0.707, na mtumiaji haoni ni upi uliotumika. Sauti ikipita kwenye programu, kisha injini, kisha kebo pepe, kisha injini tena, kisha OBS, swali la nani amepunguza desibeli ngapi halina mtu wa kulijibu.

Hesabu ambayo haikwepeki

Misimamo yote minne inagonga ukuta uleule: kujumlisha chaneli mbili hakuna matokeo ya aina moja. Inategemea kilichomo.

Sauti iliyo sawa kabisa pande zote mbili, ikijumlishwa bila kugawanywa, hupanda desibeli 6 na inaweza kupasua. Ikigawanywa kwa mbili hubaki ilivyokuwa. Lakini sauti zilizotapakaa, makofi ya umati au kayamba na vigelegele vya pande mbalimbali, zikigawanywa vivyo hivyo hushuka desibeli 3, na chombo kilichowekwa upande mmoja peke yake hushuka 6. Kwa hiyo wimbo uliopangwa kwa stereo, ukigeuzwa mono, haupungui tu. Mizani yake inabadilika: mwimbaji wa katikati anasogea mbele, waitikiaji wanarudi nyuma.

Mashindano ya ngoma za Wasukuma yanalionyesha hili vizuri. Makundi ya Bagika na Bagalu yanapokabiliana, msisimko wote uko kwenye upana wa uwanja: kundi huku, kundi kule, watazamaji wakihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Stereo inauhifadhi ushindani huo. Anayerekodi kwa maiki mbili, hata hivyo, anakaribisha tatizo lingine. Sauti ya ngoma ikiifikia maiki ya pili ikiwa imechelewa milisekunde 1, sawa na tofauti ya umbali wa sentimita 34 hivi, kujumlisha chaneli hizo kunafuta masafa ya hezi 500, kisha 1,500, kisha 2,500 na kuendelea. Hayo ndiyo masafa ya sauti ya binadamu. Kwenye hedifoni rekodi ni tamu. Kwenye redio yenye spika moja inasikika kama imepigwa ndani ya mtungi.

Kibaya zaidi ni chaneli zilizo kinyume. Mikisa nyingi za makanisani zina tundu la kutolea sauti lenye waya mbili za ishara, ya pili ikibeba sauti ileile iliyogeuzwa, ili kuzuia kelele kwenye waya mrefu. Mtu akichukua waya wa stereo na kuunganisha tundu hilo na kompyuta, kompyuta inaona kushoto na kulia. Kwa kweli amepata sauti moja na kivuli chake. Kwenye hedifoni inasikika pana, ya ajabu kidogo, na wengi huisifu. Ikifika kwenye simu yenye spika moja, pande mbili zinafutana na kwaya nzima inatoweka.

Hakuna draiva inayoweza kuokoa rekodi ya namna hiyo kwa kujumlisha. Dawa yake ni kuchukua upande mmoja na kuutupa wa pili. Hapo ndipo hoja ya kwamba draiva ijiamulie inapodhoofika kabisa, kwa sababu kuchagua na kujumlisha ni dawa mbili tofauti za magonjwa mawili tofauti, na namba peke yake hazisemi ni ugonjwa upi.

Kanda za zamani zina somo la tatu. Muziki uliorekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam enzi za bendi za Tabora Jazz na Morogoro Jazz ulikuwa wa mono. Kanda hiyo ikichezwa kwa mashine ya stereo ili kuingizwa kwenye kompyuta, zinapatikana chaneli mbili zinazokaribia kufanana. Kuzijumlisha kunapunguza mvumo wa kanda kwa desibeli 3 hivi, faida ya kweli. Lakini kichwa cha mashine kikiwa kimekaa mshazari kidogo, upande mmoja huchelewa, na masafa ya juu hufutana: gitaa linapoteza ukali wake. Mwenye hazina kama hiyo afanye vyema kuhifadhi chaneli zote mbili kwanza, ajumlishe baadaye kwenye nakala.

Geita husikiliza kwa nini

Mkoa wa Geita, ulioanzishwa mwaka 2012, ulikuwa na watu wanaokaribia milioni 3 katika Sensa ya 2022. Sehemu kubwa yao hawasikilizi wakiwa wameketi katikati ya spika mbili. Redio ndogo ya sola pembeni ya duara la mgodi, simu ya kitochi mfukoni, sabufa moja ya duka la pembeni inayohudumia mtaa mzima, bodaboda mwenye kipaza cha sikio moja ili lingine lisikie barabara. Kuna pia marafiki wawili wanaogawana waya mmoja wa hedifoni. Mwenyeji akiwekwa kushoto na mgeni kulia, mmoja atasikia maswali na mwingine majibu.

Kwa mazungumzo, basi, stereo hainunui chochote hapa, na inaharibu mengi. Hata simu za intaneti zinazopita kwenye kivinjari zimeegemea huko: mwongozo wa mwaka 2015 wa kusafirisha sauti iliyobanwa kwa mfumo wa Opus unachukulia kwamba mpokeaji anapendelea mono, mpaka aseme vinginevyo. Kuikuza sauti hiyo kuwa stereo na kuirusha hivyo ni kulipia bando mara mbili bila sababu. Kwa kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja ya kipindi hula megabaiti 28.8, kwa 128 hula 57.6. Anayelipa tofauti hiyo ni msikilizaji.

Muziki una kesi tofauti kidogo. Kwaya, ngoma na bongo fleva hutengenezwa kwa stereo na wapo wanaosikiliza kwa hedifoni nzuri, hasa vijana na watu wa mbali walioko Mwanza, Dar es Salaam au nje ya nchi. Kuwanyima upana kwa sababu ya redio ndogo ni uonevu wa aina yake. Simu za kisasa, za Android na za iPhone, zina mpangilio wa kugeuza sauti kuwa mono kwa mwenye sikio moja linalofanya kazi, hivyo stereo iliyotengenezwa vizuri inaweza kupunguzwa na msikilizaji mwenyewe. Mono haiwezi kupanuliwa.

Ubadilishaji ufanyike wapi

Zikiwekwa kwenye mizani, hoja za kuiachia draiva uamuzi zinazidiwa. Draiva haijui kama chaneli mbili ni watu wawili, maiki moja iliyochomekwa vibaya, kanda ya mono au waya wenye kivuli. Anayejua ni aliye karibu na chanzo. Kebo pepe iliyo bora kwa studio ya namna hii ni ile isiyofikiri: iwekwe chaneli 2, kilohezi 48, pande zote zikubaliane, na ipitishe kilichomo bila kukigusa. Kwenye Windows hilo huwekwa kwenye sifa za kifaa cha sauti, sehemu ya muundo wa msingi, na ni lazima liwekwe upande wa kuchezea na upande wa kurekodia, kwa kuwa kila mmoja una mpangilio wake.

Kugeuza mono kuwa pande mbili, au pande mbili kuwa mono, kufanyike mara moja tu, mwanzoni, kwenye chaneli ya maiki yenyewe au ya mgeni mwenyewe. Programu ya mwisho ya kurushia isiwe na kisanduku cha mono kilichobonyezwa, isipokuwa mkondo wote ni wa mazungumzo. Hapo kibonyezwe huko, na kwingine kote kiachwe.

Msimamo huu una hasara zake. Studio inayoweka kila kitu stereo ndani inatumia nguvu ya kompyuta zaidi kidogo, jambo dogo leo. Hasara nzito ni kwamba inahitaji mtu mmoja anayejua njia nzima ya sauti na aliyeiandika kwenye karatasi ukutani, na redio nyingi ndogo hazina fundi wa kudumu. Kwa studio isiyo na mtu huyo, draiva inayosema ndiyo kwa kila kitu bado ni chaguo la busara, mradi wimbo, tangazo na mahojiano vyote vijaribiwe kwa mono kabla ya kwenda hewani. Jaribio lenyewe halihitaji kifaa kipya: simu yoyote yenye spika moja, ikishikwa mkononi nje ya mlango wa studio, inatosha kuonyesha kama mwimbaji kiongozi bado yupo.